Kosa ni la Aliyebonyeza

Jumatatu, 3 Machi
Balaa. Kompyuta za mji mzima zimeamka leo zikiamini ni mwaka 1980. Shuleni, vyeti mia mbili vya wahitimu vimechapwa kwa tarehe hiyo, wakati hata wazazi wao walikuwa hawajakutana. Mchapaji: mke wangu, karani wa shule. Fundi wa kompyuta zile: mimi. Programu ya vyeti ni ya majaribio, siku thelathini tu. Kila ikikaribia kufa narudisha tarehe nyuma, nayo inafufuka. Mafundi wote tunafanya hivyo. Miaka sita! Leo imegoma kila mahali kwa mpigo na kuirusha tarehe hadi 1980. Sijakaa kitini tangu asubuhi.

Jumanne, 4 Machi
Mtandaoni moto unawaka. Jukwaa zima la mji wetu linabishana nani abebe lawama kisheria: mtengenezaji, fundi au mtumiaji. Mmoja anayejiita Kifungu, anayenukuu sheria hata akisalimia, anataka fundi ashtakiwe. Fundi! Nimejisajili kwa jina la Mizani. Nimeandika kurasa mbili kwamba mwenye kosa ni aliyebonyeza kitufe cha kuchapa bila kusoma tarehe. Watu mia tatu wameniunga mkono. Nimekunywa chai nikiwa nimesimama, lakini kwa raha.

Jumatano, 5 Machi
Mke karudi na barua. Mwalimu mkuu anamtaka ajieleze kabla Ijumaa haijaisha, la sivyo kazi hana. Barua imenukuu hoja za "mtaalamu wa sheria, Bwana Mizani". Neno kwa neno, hata mikato yangu. Mke akauliza ni mtu gani asiye na haya huyu Mizani. Nikasema dunia ina watu wabaya. Miaka kumi na miwili kwenye dawati lile! Nampenda mke wangu, roho inaniuma. Lakini fundi naye ana jina lake mjini.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua jina la pili, Pima. Pima kamvaa Mizani bila huruma: kosa ni la mtengenezaji, ambaye yuko mbali na hasomi jukwaa letu. Mizani naye ana heshima zake, ikabidi ajibu. Tumebishana hadi saa nane mchana. Mizani kashinda. Sijui ilikuwaje.
Nilipokwenda kunawa uso niliacha simu mezani. Mke kasoma yote. Hakupiga kelele.
"Andika tena," alisema. "Safari hii kwa jina alilokupa mama yako."

Ijumaa, 7 Machi
Nimeandika. Tarehe zote nilizorudisha, miaka yote sita, jina langu na la baba yangu. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Mwalimu mkuu kaifuta barua. Mke kabaki na kazi yake, mimi shuleni nisikanyage tena. Kanipakulia chakula bila kuniangalia.

Jumamosi, 8 Machi
Ajabu! Jukwaa linanisifu: mkweli, jasiri. Kifungu mwenyewe kanisalimia bila kunukuu. Nimebandika karatasi mlangoni mwa duka langu: Mshauri wa Sheria za Kompyuta. Mteja wa kwanza kaja kabla gundi haijakauka. Msimamizi wa zahanati, kadi zake za chanjo nazo zinasema 1980. Nikamwambia asihangaike, amwandikie karani barua ya onyo. Nikamchapia mwenyewe, kali kweli kweli. Kashukuru, kaikunja, kaitia mfukoni.
Akiwa mlangoni nikakumbuka kumuuliza karani wake ni nani.
Ni mama mkwe wangu.