Mtoto wa Nyumbani kwa Doña Ercilia

Kichwa changu huvimba upesi kuliko kichwa kingine chochote hapa mjini Cotuí. Ushahidi ninao: kofia tatu zimenikataa mwaka huu, na sijaongezeka hata kilo moja!

Lakini nitaachaje kuvimba? Mimi ni Radhamés, mtangazaji wa redio. Kila asubuhi saa moja kamili, mji mzima hunyamaza kunisikiliza. Sawa, ninachosoma ni matangazo ya vifo. Fulani ametutoka, mazishi saa kumi, familia inawashukuru nyote. Watu wananyamaza ili wajue kama marehemu ni wa kwao. Lakini si wananyamaza?

Sauti yenyewe ni nzito hasa. Nikikuuliza saa ngapi, unashika kifua.

Sasa, katika umri wa miaka arobaini na minne, nikampenda Nurys, mwenye duka la dawa karibu na kanisa. Na Nurys, sijui alikunywa dawa gani, akanipenda pia! Kikabaki kikwazo kimoja tu, chenye pochi nyeusi na miwani ya mnyororo: mama yake, Doña Casilda, anayeishi Santiago.

"Mama akisema ndiyo, ni ndiyo," Nurys aliniambia. "Akisema hapana, Radhamés, nitalia wiki nzima, halafu itabaki kuwa hapana."

Doña Casilda akanipigia simu. Hakuuliza kazi, hakuuliza nyumba.

"Watu wako ni akina nani?" akauliza.

Hapo pakawa pagumu. Mimi nililelewa na shangazi, kule Pedernales, mwisho wa nchi, na shangazi ameshafariki. Tangazo lake nililisoma mwenyewe. Hapa Cotuí sina ndugu hata wa kuazima.

"Mimi simpi binti yangu mtu aliyeota kando ya barabara kama uyoga," alisema. "Niambie nyumba moja tu ambayo unaingia bila kupiga hodi."

Mdomo wangu huwa hauniombi ruhusa. "Kwa Doña Ercilia!" nikasema, kwa sauti ya saa moja asubuhi. "Pale mimi ni mtoto wa nyumbani, mama. Ukoko wangu unawekwa pembeni kila siku!"

Nikasikia akivuta kiti, akae vizuri. Kwetu nyama anapewa yeyote, maharage anapewa yeyote. Lakini ukoko, ule wali wa chini ulioshika sufuria ukawa rangi ya dhahabu, hapewi mpita njia. Ukoko ni wa damu.

"Basi Jumapili utatupeleka huko," alisema Doña Casilda. "Nikamwone huyo mama."

Ukweli ni huu. Kwa miaka mitatu nimekula mchana katika mgahawa wa Doña Ercilia, meza ya karibu na friji, na ukoko nimekuwa nausikia tu. Nyuma ya pazia la jikoni: krrr, krrr, unakwanguliwa. Halafu kimya. Unaliwa na wenyewe.

Kweli, kila siku Doña Ercilia huniambia, "Hapa ni kwako, mwanangu." Lakini humwambia hivyo hata yule fundi anayekuja kumkatia umeme!

Ningeweza kwenda Jumamosi nikamweleza yote, nikamwomba anisitiri. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Mimi nilikwenda kwa kinyozi, nikapakwa rangi nyeusi nywele zote, hadi zile za masikioni.

Jumapili saa sita na nusu tukaingia, mimi, Nurys na mama yake. Mgahawa ule ndiyo sebule yao: meza sita zenye vitambaa vya nailoni, Bikira Maria ukutani, na picha za watoto wa nyumba siku ya ubatizo. Yokasta, binti wa mwisho, alikuwa akikatiza na sahani nne mikononi. Meza zote zimejaa. Kwenye meza ya friji, meza yangu, alikaa Chago wa bodaboda, ambaye mdomo wake una kasi kuliko pikipiki yake.

Doña Ercilia akatoka nyuma ya pazia. Mama mfupi, aproni kiunoni, kijiko cha chuma mkononi.

Nikapanua mikono. "Mama! Mwanao nimefika!"

Doña Ercilia akageuka kutazama nyuma yake, aone anayeambiwa ni nani.

"Punguza sauti, baba," akasema. "Nimedhani kuna aliyekufa."

Doña Casilda akanitazama juu ya miwani. "Mtoto gani huyu anaingia kwa mama yake bila kuomba baraka?"

Yesu wangu! Baraka! Kila mtoto wa nchi hii, hata mwizi, akivuka kizingiti cha mama yake neno la kwanza ni hilo. Nimesahau kwa sababu sijaliomba kwa mtu tangu shangazi afe.

"Baraka, mama," nikasema, na sauti safari hii ikatoka nyembamba.

"Mungu akubariki, mwanangu," Doña Ercilia akajibu palepale. Hakufikiri. Ukiombwa baraka unajibu, kama unavyopiga chafya. Lakini alishajibu, mbele ya mashahidi ishirini!

"Vizuri," alisema Doña Casilda akivuta kiti. "Ameniambia wewe ndiye mama yake hapa mjini. Kwamba hata ukoko wake unamwekea pembeni."

Mgahawa mzima ukaacha kutafuna.

"Ukoko?" Chago akaruka. "Huyu? Mimi nina miaka kumi na moja hapa, sijaonjeshwa hata punje!"

Doña Ercilia akanitazama. Nikamkonyeza kwa jicho la kulia. Nikamkonyeza kwa la kushoto. Mwisho nikawa nakonyeza yote mawili kama taa za barabarani zilizopata hitilafu. Nisitiri, mama, nisitiri, Nurys huyu sitapata mwingine!

Akafuta mikono kwenye aproni, taratibu. Akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda.

"Kweli kabisa," alisema. "Huyu ni mtoto wa nyumbani. Sasa mwanangu, unakaa na wageni na tai yako, na mdogo wako Yokasta anahangaika peke yake? Vua koti!"

"Mama?"

"Vua koti, nimesema! Yokasta, mpe kaka yako aproni."

Nikapewa aproni ya maua yenye madoa ya bizari. Ndipo nilipoelewa kosa langu. Mgeni ndiye anayebembelezwa, huyo ndiye anayeitwa mwanangu mpenzi. Mtoto wa nyumbani hutumwa!

Nikatumwa. Meza ya pili parachichi, meza ya tano juisi ya pasheni, meza ya kwanza ndizi za kukaanga, na si hizo, zile! Nikabeba sahani tatu za wali na maharage, nikapita na kidole gumba kimezama kwenye mchuzi wa watu.

"Wewe!" Doña Ercilia akanifokea toka upande wa pili. "Unapita mezani kwa watu wanaokula hata huwatakii mlo mwema? Umelelewa wapi?"

"Hapahapa!" akajibu Chago, na mgahawa wote ukaangua kicheko. Nurys naye alicheka, akajificha kwenye kitambaa cha mkono. Nilimwona.

"Barafu imekwisha," Doña Ercilia akaendelea. "Kimbia dukani."

Nikakimbia, na viatu vyangu vya kung'aa na maua yangu kiunoni. Watu wakatoka vibarazani.

"Radhamés! Nani kafa?"

"Hakuna!"

"Mbona unakimbia?"

Nikarudi na mfuko wa barafu kifuani, jasho likichuruzika, na jasho lenyewe jeusi. Doña Casilda akanitazama shavu kwa makini. "Huyu mbona anatoka masizi?" akauliza. Ilikuwa ile rangi ya kinyozi, inayeyuka!

"Sasa njoo," akasema Doña Ercilia, akafunua pazia. "Uchukue ukoko wako."

Miaka mitatu! Nikaingia jikoni kama mtu anayeingia benki baada ya kufunga. Sufuria la chuma lilikuwa juu ya jiko, kubwa la kuogeshea mtoto. Chini kabisa, ukizunguka pande zote, ulikuwepo: mwekundu, unang'aa kwa mafuta, unanukia kitunguu saumu. Doña Ercilia akanipa kijiko cha chuma.

"Mtoto wa nyumbani hukwangua mwenyewe."

Nikakwangua. Krrr, krrr! Ukabanduka kipande kipana kama sahani. Mate yakanijaa mdomoni.

"Mwagia maharage. Sasa wapelekee wageni. Wageni kwanza, si ndivyo nilivyokulea?"

Nikawapelekea. Nikarudi mbio.

"Na wangu, mama?"

"Wako huo hapo," alisema, akinionyesha sufuria tupu. "Loweka, sugua, suuza." Akachukua kiti, akatoka kwenda kukaa na Doña Casilda.

Nilisugua, mikono imezama hadi mabegani. Kupitia pazia niliwasikia wote wawili wakitafuna kau, kau, kau. Kisha Doña Casilda akashusha sauti.

"Sasa mama kwa mama," alisema. "Huyu mtoto wako yukoje? Nataka ukweli."

Nikaganda, povu likinitiririka viwikoni. Nilikuwa nimejitafutia mama, kumbe nimejitafutia shahidi!

"Ana moyo mzuri," alisema Doña Ercilia. Nikapumua. "Ila."

Ee Mungu.

"Ila anapenda makuu. Anasema hali vitu vitamu, halafu anamaliza wali mtamu wa maziwa kabla haujapoa. Anaongea na friji akidhani hatumwoni. Na uongo, dada yangu, anao mwingi, ila hauumizi mtu isipokuwa yeye mwenyewe." Akang'ata kipande kingine, kau. "Mwaka juzi aliugua. Siku nne hakuja. Nikamtuma Yokasta na supu kila siku. Aliipokelea mlangoni, akamwambia asiingie, eti ndani kumejaa wageni waliokuja kumwona. Yokasta akachungulia. Hakukuwa na mtu. Kiti kimoja tu na redio."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na ndani ya aibu ile nikahisi kitu kingine, kwa sababu supu ile ilikuja siku nne mfululizo na mimi nilidhani nimewadanganya. Nikasugua sufuria kwa nguvu, ili kelele iwepo.

"Radhamés!" Doña Casilda akaita. "Njoo hapa."

Nikatoka. Aproni, povu hadi kidevuni, nywele nusu nyeusi nusu za umri wangu. Watu wote wakaweka uma chini. Nurys alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mimi nilikuja kukukataa," alisema Doña Casilda. "Nilisafiri na neno hapana tayari kwenye pochi. Sauti kubwa, tai ndefu, nikasema hili ni debe tupu. Lakini nimeona mtu anafokewa na anatii, na nimeona kuna anayejua siku ulizougua. Una watu." Akavua miwani. "Nimekubali."

Nurys akapiga kelele. Chago akapiga meza. Na mimi, kichwa kikaanza kuvimba palepale, nikahisi kabisa ngozi inavutika! Nikainua mikono, nikaitafuta ile sauti.

"Ndugu wapendwa, kwa furaha kubwa natangaza..."

"Mimi sijakubali," akasema Doña Ercilia.

Mikono yangu ikabaki juu.

"Samahani?" nikauliza.

"Harusi ina mama wawili. Wa bibi harusi amekubali. Wa bwana harusi ni mimi, na mimi nasema bado."

"Lakini Doña Ercilia, wewe si..."

Nikajing'ata ulimi.

"Mimi si nini?" akauliza, akiegemea kiti, kijiko mkononi. "Malizia."

Doña Casilda akarudisha miwani usoni. Nikamtazama huyu, nikamtazama yule. Nikisema si mama yangu, mimi ni uyoga wa kando ya barabara. Nikisema ni mama yangu, harusi imesimama. Nimejifungia mwenyewe na ufunguo nimeumeza!

"Wewe si wa kupingwa, mama," nikasema.

"Nilidhani hivyo." Akamgeukia Doña Casilda. "Huyu bado mbichi, dada. Hajui kusugua sufuria, hajui kupita kwa watu wanaokula, na hajui kuomba kitu bila kukitungia hadithi. Niachie Jumapili sita, hapa jikoni. Akiiva nitakwambia."

"Jumapili sita ni chache," alisema Doña Casilda.

"Basi nane."

"Nane. Na mimi nitakuwa nakuja kuangalia maendeleo. Huo ukoko bado upo?"

Wakapeana mikono juu ya sahani, kama watu waliouziana ng'ombe, na ng'ombe nimesimama pale nadondosha povu.

Nikamgeukia Nurys, tumaini langu la mwisho hapa duniani. Akainuka. Akaja hadi nilipo, mbele ya watu wote, akanipangusa shavu kwa kitambaa chake, polepole, macho yake yamejaa machozi ya kicheko.

"Msikilize mama yako," aliniambia. "Na meza ya tatu bado wanangoja kahawa."