Mwaka wa C

Jumatatu, 3 Juni

Dada ametoa hukumu mbele ya watu wote, nikiwa na tonge mdomoni. Huu ndio mtihani wangu wa mwisho wa kuingia chuo. Nikifeli mara ya tatu, naingia duka la dobi la shemeji, napiga pasi, na mjadala umefungwa. Shemeji alinitazama mikono tu, kama mtu anayepima.

Mimi na pasi! Mimi niliyekwisha kuchagua tai ya kuvaa siku ya kwanza chuoni!

Linaloniuma zaidi ni hili: mwaka huu nafanya mtihani pamoja na mpwa wangu. Mtoto niliyembeba mgongoni. Yeye kapewa meza ya sebuleni. Mimi nimepewa meza ya zamani ya kupigia pasi, iliyovishwa blanketi lenye alama za kuungua. Nikiandika, penseli inatoboa karatasi.

Sina wasiwasi. Nina utafiti. Maswali yote ni ya kuchagua, A mpaka D, na nimepitia majibu ya miaka iliyopita: C ndiyo inayoongoza. Wengine wanasoma vitabu vizima. Mimi nasoma herufi moja. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Alhamisi, 6 Juni

Tatizo. Mwalimu wa tuisheni, tunayemwita Baba Chaki, kasema chuo kinachukua walioongoza tu. Kufaulu peke yake hakutoshi. Maana yake C zangu zitaozea njiani ikiwa mpwa wangu atazidi kupanda. Na anapanda! Anasoma kwa sauti alfajiri, kama jogoo anayelipwa mshahara.

Nimepata dawa. Nimejitolea kumwuliza maswali jioni anapoosha vyombo. Dada alifurahi hadi akaniongezea nyama. Maskini, hajui. Kila swali nalitilia majibu matatu ya uongo, matamu, ya kumvuruga mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 11 Juni

Uongo ni kazi ngumu, jamani. Jibu la kijinga analicheka. Lazima liwe karibu na ukweli, na mtu hawezi kukaa karibu na ukweli bila kujua unakoishi. Leo nimesoma sura nzima ya mvuke na unyevu ili nitunge jibu moja tu baya kuhusu nguo kukauka. Juzi asilimia. Jana ini na kazi zake zote. Macho yamevimba. C yangu sijaifanyia mazoezi hata kidogo.

Wala hanaswi. Anafikiri, anasugua sufuria, ananiambia hilo la pili nimelitega vizuri kweli. Kisha anaomba jingine. Sielewi ni nani kati yetu anayechoshwa.

Jumamosi, 15 Juni

Jaribio la tuisheni. Niliingia na nia moja: C mpaka mwisho. Lakini swali la kwanza likaniudhi. Majibu yao ya uongo yalikuwa ya kivivu; mimi ningeyatunga vizuri zaidi. Nikaweka la kweli kwa hasira. La pili hivyo hivyo. Nilipokumbuka C, kengele inalia.

Nimekuwa wa pili! Wa kwanza mpwa wangu. Baba Chaki aliniita kando akaniuliza kwa upole nimemwibia nani. Nami nikajiuliza. Kulia kwangu kulikuwa na ukuta, mbele yangu jamaa aliyesinzia mwanzo hadi mwisho. Nyumbani shemeji, ambaye haamini asichokiona, alinipa karatasi nyingine akasimama pale pale nikiifanya. Nikapata zaidi.

Dada alilia kwa furaha. Niliona aibu, maana yeye anadhani najua. Mimi nadhani karatasi zina kasoro.

Jumamosi, 22 Juni

Mtihani wenyewe. Hatari tupu!

Nafungua karatasi, swali la kwanza najua. La pili najua. Ukurasa wa tatu, bado najua. Jasho likanitoka. Tangu lini mtu kama mimi akaona mtihani unaeleweka? Huo ni mtego, na mitego mimi ndiye fundi wake. Jibu linalojileta lenyewe ndilo la uongo. Si ndivyo nilivyomfanyia mpwa wangu jioni zote zile?

Nikachukua kifutio. Nikafuta yote. Nikajaza C, duara baada ya duara, mpaka mkono ukafa ganzi.

Nje mpwa wangu alinishika mkono. "Asante, Mjomba," akasema. "Kila swali nilisikia sauti yako, nikajua uongo uko wapi."

Iliniuma. Namchimbia mtoto shimo, naye ananishukuru kwa kumchimbia kisima. Nikamwambia asijali, ndiyo kazi ya wajomba.

Jumatatu, 15 Julai

Matokeo yalitoka Ijumaa. Mpwa wangu anaenda chuo. Mimi naandika haya dukani, juu ya meza ya pasi, na safari hii pasi yenyewe ipo. Nimemnyooshea mashati yake yote ya safari. Sanduku lake halikufunga, nikalikaza kwa ile tai yangu. Dada hakunigombeza, na hilo ndilo lililonichoma.

Asubuhi shemeji alilalamika kwamba nje jua kali, lakini nguo za chumba cha nyuma hazikauki. Nikamwambia, bila kuinua kichwa, kuwa hewa ya humo imeshiba unyevu. Afungue madirisha yote mawili, upepo upite uondoe mvuke. Akafungua. Kabla ya adhuhuri nguo zilikuwa kavu. Akaja akaegemea meza yangu.

"Shemeji," akasema, "wewe hasa ulifeli kitu gani?"

Swali zuri. Nimelichekecha kutwa, suruali baada ya suruali, hadi kichwa kikaniuma. Jioni nikapita tuisheni, walikobandika majibu sahihi ya mwaka huu, nikahesabu kwa kidole. Kumbe! Iliyoongoza ni B.

Mwaka kesho, B tupu. Vitabu vyote nimempa mpwa wangu aondoke navyo, visije vikanichanganya tena.