Vita vya Sabuni ya Unga

Jumatatu, 3 Machi
Duka Kubwa la ng'ambo ya barabara wameshusha tena bei ya sabuni ya unga. Sasa wanauza chini ya bei ninayonunulia mimi kwa jumla. Mlangoni wamebandika bango: ukikuta bei ndogo kwingine, wao wanashuka zaidi. Watu hawana hata haya. Mteja wangu wa leo ni jirani, aliyekuja kuomba chenji akanunue kwao. Nimempa. Ustaarabu wangu utaniua.

Mke wangu kasema duka hili aliachiwa na marehemu baba yake, na amechoka kulitazama likifa. Mauzo yasipopanda hadi Jumamosi, chumba anampa kaka yake aweke vyerehani. Shemeji mwenyewe alikuwepo. Alinipa pole huku anapima ukuta.

Jumanne, 4 Machi
Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nimeandika kwenye ubao wa nje: SABUNI NUSU BEI. Sabuni yenyewe nimeificha stoo. Anayeuliza, imekwisha. Duka Kubwa wakiona itabidi washuke chini ya nusu, wapate hasara, wafunge virago. Mke wangu akauliza mimi nitapata nini hapo. Nikamwambia biashara haitaki pupa. Akageuka, akaendelea kupangusa rafu. Bila shaka amenielewa.

Jumatano, 5 Machi
Wamenasa. Meneja wao amekuja na tai yake, akaupiga picha ubao wangu, akanishukuru sana. Kufika mchana bei yao iko chini ya nusu na foleni imeziba mlango wangu. Nilipotoka kuwaomba wasogee, mama mmoja akaniambia nipange foleni kama wenzangu.

Nikapanga. Akili haikai bure kichwani mwangu: nanunua kwao sasa, wakipandisha bei nauza mimi. Tatizo, kila mteja anapewa mifuko miwili tu.

Alhamisi, 6 Machi
Ukoo mzima nimeutia kwenye foleni. Mama mkwe kaenda na kurudi kutwa nzima, kila safari na mtandio mwingine. Mwishowe keshia akamuuliza magoti yanaendeleaje. Mama mkwe akajibu kwamba magoti hayajambo, mgonjwa ni mkwe wake.

Hela ya kuleta mchele na sukari yote imekwenda kwenye sabuni. Imejaa mpaka juu ya mizani. Mtu kaja kuulizia sukari. Nikamshauri afue.

Ijumaa, 7 Machi
Bei haijapanda. Nimekwenda kwa meneja kudai maelezo. Akanieleza kwa upole kwamba sabuni wanaiuza kwa hasara makusudi. Ni chambo. Mtu akifuata sabuni, hutoka na vitu ambavyo hakuvifikiria, na faida iko huko. Nikamcheka usoni. Mjinga gani huyo wa kunaswa kirahisi namna hiyo? Nimerudi na ndoo na seti ya sufuria. Bei zilikuwa nzuri mno.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeuza mfuko mmoja, kwa jirani. Baadaye kaurudisha. Mtaa mzima una sabuni ya mwaka.

Mchana shemeji kaingiza vyerehani. Mke wangu hakugomba hata kidogo. Alizipangusa rafu alizozipigilia baba yake, moja moja, kisha akazitoa nje. Roho iliniuma kweli. Nilitaka kumwambia nimekosea, lakini neno lenyewe nimelizoea kwa watu wengine tu.

Jioni Duka Kubwa wakaniita. Nikajua wamesalimu amri. Kumbe nimekuwa mteja bora wa wiki! Picha yangu iko mlangoni kwao, nimekumbatia sabuni, nimetabasamu. Mke wangu kaiona, akaenda kulala kwa mama yake.

Pamoja na picha wamenipa kadi ya punguzo. Punguzo la kila kitu, mwezi mzima, mikononi mwa adui yao. Hivi hawa biashara walifundishwa na nani? Jumatatu mafuta ya kupikia yanashuka bei. Nitayanunua yote. Shemeji amekubali niyaweke chini ya meza yake ya kukatia nguo, na kodi anayonitoza ni nafuu sana.