Punda wa Nyongeza

Miaka michache baada ya vita, jeshi lilipopiga mnada masalia yake pale Tabora, watu wenye akili zao walinunua mablanketi, ndoo na mahema. Thobias alinunua kasha la mita za kupimia umeme. Hakuna mwingine aliyelitaka. Dalali mwenyewe hakujua ni kitu gani. Alinyanyua moja akaiita saa ya ukutani yenye mshale mmoja. Thobias, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa akitafuna muwa, akaacha kutafuna. Kitu kisichojulikana na mtu, aliwaza, hakina bei, na kisicho na bei huuzwa kwa bei yoyote.

Mita zote zilikuwa zimekufa. Lakini siku moja ya kiangazi, akifuta vumbi kwenye kioo cha mojawapo kwa mkono wa koti lake la sufu, mshale uliruka mpaka katikati, ukatetemeka, kisha ukarudi polepole. Akasugua tena, ukaruka tena, kumbe sufu ikisugua kioo huzaa umeme kidogo. Thobias alipiga magoti kumshukuru Mungu, ambaye hamtupi mja wake hata mja akiwa na nia mbaya. Tangu siku hiyo hakulivua koti lile, na jua la Shinyanga mnalijua. Akajipa na jina jipya: Bwana Kondo, fundi wa umeme, Mzaramo wa Dar es Salaam. Ukweli ni kwamba alikuwa Mzinza wa kandokando ya ziwa, bahari hajaiona, na Dar es Salaam aliijua kutoka kwenye kalenda ya kinyozi. Lakini nani angenunua umeme kwa Mzinza?

Wenye dainamo za kuwashia taa walikuwa wachache, ila walikuwa na uwezo, na kila mmoja alitaka kuwa na kitu ambacho jirani hana. Walitazama mshale ukiruka, wakasema "Ala!", kisha wakauliza swali moja: nyongeza iko wapi? Maana huku kwetu mtu hanunui hata fungu la dagaa bila kuongezewa. Thobias akatoa penseli. Wakamwambia hawajui kuandika. Akatoa sabuni. Wakamwambia sabuni huisha. Akatoa vijioo vya mfukoni, na mzee mmoja akamrudishia chake akisema uso wake anaujua tangu utotoni.

Akaenda kulia shida zake kwa Philomena, muuza karanga wa soko la Ngokolo, ambaye hakuwahi kurudi nyumbani na karanga.

"Dada, natoa nyongeza, watu wananicheka."

"Unatoa nini?"

"Vioo."

"Wewe mwenyewe unajitazama humo?"

"Aka! Vinapinda uso."

"Basi hiyo si nyongeza, kaka, unamtupia mwenzio taka." Philomena alikuwa akimpimia mteja, akachota gao jingine la karanga, akalimimina juu. "Hizi ni zile zile ninazokula na wanangu. Nyongeza ya maana ni kitu ambacho mtu angekitaka hata kama huna cha kumuuzia. Na wewe unayetoa ikuume kidogo. Isipokuuma, ataiona usoni mwako."

Nusu ya kwanza Thobias aliibeba. Nusu ya pili aliiacha pale pale sokoni, kwa sababu macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye nguzo alipomfunga punda wake. Wanaume watatu walikuwa wamemzunguka, mmoja anamtazama meno, mwingine anauliza anauzwa shilingi ngapi.

Punda yule aliitwa Tausi. Thobias alimlea kwa mkono tangu siku fisi walipomla mama yake, akampa uji, akalala naye ubavuni wakati wa baridi. Hakuwa na mke, hakuwa na ndugu wa kumkumbuka. Alikuwa na Tausi, na alimpenda, tena hakuona haya kusema. Mfukoni mwa koti hakukosa kipande cha sukari guru kwa ajili yake. Naye Tausi, akisikia mluzi wa bwana wake, angekata kamba na kuruka boma la miiba kuifuata sukari ile.

Mnaona jambo linakokwenda. Thobias pia aliliona.

Pale Shinyanga mwenye hoteli alinunua mita, akaongezewa punda. Kabla jua halijazama mluzi ulilia porini, na asubuhi mwenye hoteli akabaki na mita. Wa pili alikuwa Stanslaus wa Masumbwe, Msukuma mwenye mashine ya kusaga, mtu aliyehesabu hata pumba.

"Mzaramo!" alisema Stanslaus kwa furaha, akamnyang'anya sigara mdomoni na kuivuta yeye. "Mla nazi wewe! Kumbe mtani wangu!"

Thobias alicheka. Aliujua utani kuwa ni matusi ya kuchekesha. Hakujua kwamba utani una mikono.

"Mita siihitaji," alisema Stanslaus, akimpapasa Tausi mgongo. "Lakini punda nyumba yangu inamhitaji sana. Kwa hiyo mita naichukua. Na mpitie dada yangu Geita, Mama Ignas, mwenye kilabu karibu na mgodi. Naye ana dainamo."

Mtu mwingine angekwenda upande wa pili wa dunia. Lakini tamaa haina breki, na Thobias aliwaza: mtu akikuonyesha mlango wa dada yake, kukataa ni utovu wa adabu. Akapiga mluzi wake nyuma ya kichuguu, Tausi akaja mbio na kamba shingoni, wakashika njia ya Geita kwa miguu. Alisahau jambo dogo tu, kwamba malori ya mgodini nayo hupita njia hiyo hiyo, na lori halichoki.

Walifika Geita mchana wa jua kali. Kilabu cha Mama Ignas kilijaa wachimbaji wenye vumbi mpaka kope. Mwenyewe alikuwa mama mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na koti hilo?"

"Dar es Salaam, Mama. Mimi ni Bwana Kondo, fundi wa umeme. Glopu zako zinaungua ovyo, sivyo? Ni dainamo inasukuma kupita kiasi, na bila mita hutajua." Akasugua kioo kwa mkono wa koti, mshale ukaruka. Wachimbaji wakasogea. "Na anayenunua mita, huyu punda ni wake bure."

Mama Ignas hakuutazama mshale. Alimtazama Tausi, sikio lake la kushoto lililochanika, kisha akamtazama Thobias.

"Dar es Salaam. Kabila gani?"

"Mzaramo."

"Mzaramo wa kweli?"

"Wa baba na mama."

"Jamani, njooni!" alipaza sauti Mama Ignas. "Mtani wetu amefika!"

Kilabu kizima kikapiga vigelegele. Mababu wa Wasukuma walipobeba mizigo mpaka pwani, waligombana na Wazaramo njiani mpaka wakachoka, wakaona heri wataniane. Tangu hapo mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anachukua kitu chako na kwenda nacho, nawe unacheka. Ukinuna, aibu ni yako.

"Mtani haniuzii," alisema Mama Ignas, akifungua kamba ya Tausi. "Punda nimemchukua."

Thobias akacheka kwa moyo mweupe. Mchukue, Mama, aliwaza. Kilima kile pale, na mdomo wa kupigia mluzi ninao. Hata akaongeza tusi zuri kuhusu Wasukuma na viazi vikavu, na watu wakampigia makofi.

Tausi, ambaye hakujua lolote kuhusu makabila, akasogea akachomeka pua katika mfuko wa koti la Thobias. Mama Ignas akaona.

"Na koti, mtani. Vua."

Kicheko kikamkauka. "Mama, mimi nasikia baridi."

"Jasho linakutiririka mpaka kidevuni."

"Ndiyo baridi yenyewe. Ya homa." Alirudi nyuma hatua moja, akateremsha sauti. "Mama, tusidanganyane. Kusema kweli, Uzaramo wangu mimi si ule wa..."

Mama Ignas akamwinamia, akamnong'oneza kama mzazi anayemuonya mtoto kanisani. "Juzi dereva wa lori kaniletea salamu za kaka yangu Stanslaus. Ananunua mita, anaongezewa punda mwenye sikio lililochanika, punda anatoweka siku ile ile. Sasa chagua, mwanangu. Kama wewe ni Mzaramo, huu ni utani, tunacheka, unakwenda zako. Kama si Mzaramo, huo ni wizi, na yule pale kwenye benchi anayekunywa togwa ni askari."

Askari akainua kikombe chake kwa adabu, akidhani anatambulishwa.

Thobias akavua koti. Likaondoka na sukari guru, likaondoka na ule umeme wote aliokuwa nao duniani.

"Cheka, mtani," alisema Mama Ignas akilivaa. "Watu wanatazama."

Akacheka. Jinsi alivyocheka, mchimbaji mmoja alimwonea huruma akampa maji.

"Punda atarudi Masumbwe kwa aliyemlipia. Na wewe usiondoke mikono mitupu." Mama Ignas akamwekea mita yake mkononi. "Chukua, nakuongezea."

Thobias akapanda kilima akiwa na shati peke yake. Alipofika juu akapiga mluzi. Chini kule Tausi akainua kichwa, masikio yakasimama. Akapiga hatua moja. Moyo wa Thobias ukaruka. Mama Ignas akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akautoa, na Tausi akageuka kulamba kiganja chake. Thobias akapiga tena, na tena, mpaka midomo ikakauka na mluzi ukawa upepo mtupu.

Akaketi juu ya jiwe. Akasugua kioo cha mita kwa mkono wa shati la pamba. Mshale haukutikisika. Akamkumbuka Philomena na ile nusu ya maneno aliyoiacha sokoni, akaona mita mbovu imelala mapajani mwake na Tausi wake yuko kule chini anatafuna. Iliuma, na haikuuma kidogo.

"Wabeja, asante sana, mtani!" Sauti ya kuita ng'ombe ilipanda mpaka kileleni, na kilabu kizima kilikuwa kimetoka nje kutazama. "Nyongeza yako ni ya maana kweli!"

Na kwa kuwa alikuwa Mzaramo, Thobias akacheka.