Maneno Arobaini na Moja ya Sahani ya Adelard

Jumatano, 1 Septemba 1954

Nimepata njia! Bohari moja la Kurasini linatafuta karani wa kupokea mizigo. Sharti ajue Kiingereza. Mzungu wa bohari atatupima mwenyewe Jumamosi ya tarehe 11.

Miaka minane nabeba magunia ya bohari lile lile. Bega la kulia limeshuka, hata kanzu inanikaa upande. Nikiikosa kazi hii nitabeba mpaka nizikwe.

Kiingereza sina. Lakini Adelard, mpishi wa Wazungu, jirani yetu hapa Buguruni, aliachiwa gramafoni na bwana wake aliyerudi Ulaya. Ana sahani mbili za santuri, za nyimbo za Kiingereza. Moja ananiazima, nyingine hataki iguswe. Moja yatosha! Wimbo haumchoshi mtu.

Didas naye anaitaka kazi. Ni mpangaji wa chumba cha mbele, mtu wa misheni kutoka Bukoba. Anajifunzaje? Anazunguka bandarini akisoma maandishi ya kwenye makasha na kuyanakili daftarini. Makasha! Nimecheka peke yangu mpaka Chausiku, mke wangu, akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 3 Septemba

Adelard anapiga wimbo, ananieleza neno moja moja. Ni mtu anamlilia mpenzi aliyeondoka. Tayari najua mwezi, machozi, dirisha, kwaheri na milele.

Chausiku kaniuliza unga unaitwaje. Nikamjibu wimbo haujafika kwenye unga. Akasema mtu akijifunza Kiswahili kwa taarab atajua kununa tu, samaki hatajua kununua. Mwanamke huyu ana ulimi.

Lakini ananishonea shati jeupe, kwa kitambaa alichojiwekea mwenyewe cha Idi. Na bombani amewatangazia wenzake kwamba karibuni ataitwa mke wa karani.

Jumatatu, 6 Septemba

Maneno arobaini na moja! Kwenye neno la "rudi" mwimbaji anarudia mara tatu: rudi, rudi, rudi. Adelard anadai sahani imekwaruzika, sindano inakwama. Mpishi anajua nini kuhusu uimbaji? Nimelikariri hivyo hivyo, mara tatu.

Leo nimefanya hila. Nimemshawishi Adelard tuisogeze gramafoni chini ya dirisha la Didas, asiweze kusoma. Didas akatoka na kigoda, akakaa, akasikiliza hadi mwisho. Akanishukuru. Akasema wimbo umemkumbusha mama yake. Kisha akarudi kwenye daftari lake la makasha. Sijui kwa nini nilijisikia vibaya.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimechungulia daftari la Didas. Misumari, saruji, kamba, mabati, "imevunjika", "imelowa". Kavu! Hakuna hata moyo mmoja ndani yake. Nimemhurumia.

Jumamosi, 11 Septemba

Niandike haraka kabla sijajidanganya.

Mzungu alitupeleka mbele ya shehena. Akaonyesha kwa fimbo. Didas akajibu, akajibu, akajibu. Zamu yangu, fimbo ikaangukia magunia ninayoyabeba mimi! Bega linajua uzito wa kila moja. Mdomo haukujua jina la hata moja.

Akaniuliza kwa nini naitaka kazi. Didas ndiye aliyenitafsiria. Nikafungua kinywa, ukatoka wimbo wote. Mwezi, machozi, dirisha. Nilipofika "rudi, rudi, rudi" makarani walikuwa wameshika mbavu.

Mzungu hakucheka. Alivua kofia, akatazama upande wa meli kwa muda mrefu. Akaniomba nirudie pale pa mwisho. Nikarudia, mara tatu. Akasema, na Didas akanitafsiria, kwamba hajasikia Kiingereza kizuri hivyo tangu mwezi wa saba, lakini bohari halina kazi nacho. Didas akapewa kalamu.

Adelard kaniambia jioni kwamba mke wa Mzungu yule alipanda meli mwezi wa saba. Hajaandika hata barua.

Chausiku alilikunja shati polepole, akaliweka chini kabisa sandukuni. Afadhali angenitukana. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jumapili, 12 Septemba

Didas alibisha hodi ametoka kanisani. Akaniamkia kwa heshima kama kaka yake. Mkononi daftari lake, miezi minne ya makasha, kila neno na Kiswahili chake pembeni. Akasema yeye halihitaji tena. Bohari la pili litataka karani mwezi wa kwanza, na nikisoma maneno matano kila siku, kazi nitaipata. Chausiku alisikia. Nikamwona anafungua sanduku, analitazama shati.

Machozi yalinilenga. Mpinzani wangu! Nimetafakari mchana kutwa, nimeliona kosa langu wazi, nami si mtu wa kurudia kosa.

Kosa ni kwamba nilichagua wimbo wa huzuni.

Ile sahani ya pili ya Adelard ni ya furaha, ina vigelegele na tarumbeta. Alikataa kuniazima bila rehani. Nimemwachia daftari. Mkewe, Demetria, ameshaanza kuandika nyimbo za kwaya kwenye kurasa za nyuma.

Chausiku anauliza daftari liko wapi. Nimemwambia atulie, asikilize tarumbeta.