Ekari Mbili za Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo limebandikwa ofisi ya kijiji. Ruzuku ya kilimo: elfu hamsini kwa ekari, mwisho ekari mbili kwa kila mkulima. Mimi ninazo nne. Nilizinunua moja moja, bila urithi wa mtu. Kwa hiyo laki moja inanipita kwa kosa la kuwa na bidii. Jirani, ambaye mbili zake aliachiwa na baba yake, anapata kamili. Kanipungia mkono kwenye foleni. Sikupenda alivyopunga.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Mama mkwe anaishi kwetu. Ana kitambulisho, ana simu, hana shamba. Nimemwandikia ekari mbili za bondeni, zimekwisha kulimwa kama fomu inavyotaka. Mwenyekiti kagonga mhuri kwenye hati. Elfu tano. Laki toa tano, tisini na tano. Mke wangu kauliza kama ninamjua vizuri mama yake. Nimemjibu ninajua hesabu.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi. Kila baada ya chai namuuliza mama: shamba la bondeni la nani? Mwanzo alijibu, la mkwe wangu, Mungu ambariki. Haifai. Tumerudia mara kumi na nne. Sasa anajibu bila kupepesa: langu.

Jumatano, 12 Machi
Bwana shamba kaja na kipimo chake. Mama kamtembeza mpaka hadi mpaka, kamwonyesha hata maji yanapotuama. Kajibu vizuri kuliko nilivyomfundisha. Bwana shamba akauliza na mimi ni nani. Mama akasema, "Huyu mkwe wangu, hunisaidia-saidia." Mwanamke ana kipaji.

Ijumaa, 21 Machi
Ruzuku imeingia. Laki kwenye simu yangu, laki kwenye simu ya mama. Nimemwendea kwa adabu zote. Akasema, "Baba, pesa ya shamba inakwenda shambani. Nimeshanunua mbegu." Mbegu ya nini? Alizeti. Bondeni nilipanga mahindi. Nimekwenda kwa mwenyekiti. Kaisoma hati kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, kisha kanikumbusha kuwa mhuri niliulipia mwenyewe.

Jumapili, 23 Machi
Jirani kaja kumpongeza mama. Wamekubaliana kusaidiana kupanda: yeye atamletea ng'ombe wa kukokota jembe, mama atampelekea mtu siku mbili. Nimeuliza mtu gani. Wote wawili wakanitazama.

Jumatatu, 31 Machi
Nimemaliza kwa jirani, sasa niko bondeni. Mama analipa elfu nne kwa siku, jioni hiyo hiyo, hilo sina neno. Siku ishirini na tano na laki yangu imerudi. Mpango haukushindwa, umechelewa.

Leo kuna tangazo jipya. Wakulima wanawake, ruzuku mara mbili. Ekari zangu mbili za juu zimekaa tu kwa jina langu, hasara tupu. Elfu tano ya mhuri ninayo mfukoni. Baada ya chai nimemwita mke wangu, nimemkalisha, nimemuuliza taratibu: shamba la juu la nani?

Langu, akasema. Mara ya kwanza tu, bila mazoezi. Huyu ana kichwa chepesi kuliko mama yake.