Mayai Arobaini na Sita

Jumatatu, 14 Julai

Wiki ya kumi ya atachimenti, mafunzo ya kazini ya chuo, hapa Njiru, kwa Madam Mukami wa kuku wa mayai. Sahihi moja tu ya mwalimu kwenye daftari langu, nihitimu. Moja! Na Ndindi yupo kuniharibia. Tumetoka chuo kimoja, kila mmoja kapewa banda lake, kuku arobaini arobaini. Leo kaniuliza kama nimekunywa chai. Anatafuta nini?

Jioni nimemsikia Madam kwenye simu. Eti huyo wa banda la pili anakula tu, faida hakuna, Jumamosi aende. Banda la pili ni langu! Ni kweli ugali najaza sahani, lakini jamani!

Jumanne, 15 Julai

Ni Ndindi tu. Nani mwingine angeripoti sahani yangu? Salamu zake sijibu tena.

Mwalimu Ndirangu anakuja Ijumaa kukagua. Kuku wangu jana walitaga thelathini na moja. Wa Ndindi, thelathini na sita. Haiwezekani. Nimepata mpango.

Jumatano, 16 Julai

Ndindi kaenda kuchota maji. Nikaingia bandani mwake. Mayai kumi na tano ndani ya ndoo yangu, maranda juu. Yangu leo ni yaleyale thelathini na moja, kwa hiyo daftarini nimeandika arobaini na sita, wino mweusi. Ndindi anawachanganyia kuku wake vitamini, uso umemshuka. Anaigiza, najua.

Ijumaa, 18 Julai

Balaa! Mwalimu kafungua daftari, akauliza kuku ni wangapi. Arobaini, nikasema kwa sauti. Na mayai? Arobaini na sita, kwa sauti zaidi. Akauliza nimesomea kilimo miaka mingapi. Mitatu. Akauliza kuku mmoja hutaga mayai mangapi kwa siku.

Nikajibu kwa sauti ndogo. Moja. Tena siku nyingine hata hilo hakuna.

Madam akaongeza, kwa upole, kwamba hata hao si arobaini. Mmoja ni jogoo, aliingia kwa makosa akiwa kifaranga. Anakula tu, kesho anauzwa. Jogoo! Wiki kumi nimemlisha nikidhani ni tetea mwenye kelele.

Ndindi alinitazama, akaitazama ndoo yangu. Sahihi sikupata. Narudia atachimenti yote. Nilienda nyuma ya stoo nikalia, sitadanganya.

Jumapili, 20 Julai

Nyumbani, Komarock. Ndindi amepiga simu. Eti amenibembelezea kwa Madam, nianze upya kesho, banda lilelile. Eti atanisaidia kujaza daftari.

Mtu uliyemwibia mayai anakuhurumia kwa nini? Kuna kitu hapo. Nimekiwaza kanisani mahubiri yote, sikusikia hata neno.

Lakini kosa langu nimelijua. Nilizidisha. Kesho nachukua saba tu.